Mwasho wa mofini si mzio, wala si kipimo cha nguvu yake

Kwako Mhariri,

Hapa Lamu kuna maneno mawili yanayosemwa kuhusu dawa za jamii ya afyuni, na yote mawili yanaumiza watu. La kwanza husemwa majumbani. Mgonjwa wa saratani ameletewa chupa ya mofini, siku ya pili anaanza kujikuna pua na shingo, jamaa wanasema dawa imemkataa, na chupa inapandishwa juu ya kabati. Mgonjwa anabaki na maumivu yake. La pili husemwa na vijana wanaotumia unga, yaani heroini: mwasho ndio dalili ya mzigo mzuri, na siku mwasho ukipotea basi mzigo umechakachuliwa, ongeza kidogo. Mmoja anaacha dawa anayoihitaji, mwingine anaongeza ile inayoweza kumuua, na kosa lao ni lile lile: wameufanya mwasho kuwa hakimu.

Ninachotaka kueleza ni kwamba mwili hauzoei dawa hizi kwa mpigo mmoja. Kila athari ina siku zake. Mwasho una zake, usingizi una zake, pumzi ina zake, na choo hakina siku hata moja. Anayejua hesabu hiyo hataitupa chupa siku ya pili, wala hatadanganyika kwamba yuko salama kwa kuwa hajikuni tena.

Mtazame mtu aliyeanza mofini juzi. Hajikuni mahali pamoja kama aliyeumwa na mbu. Anasugua ncha ya pua kwa mgongo wa kiganja, kisha pembeni mwa jicho, kisha shingo na kifua, mara mkono umerudi puani. Sogeza taa uitazame ngozi: huoni kipele wala uvimbe, ila mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe. Na mara nyingi anajikuna huku kope zimelegea, nusu yuko macho, nusu amelala. Huo ndio mwasho wa mofini. Mzio una sura nyingine kabisa: vipele vilivyoinuka kama vya mtu aliyeguswa na upupu, midomo au kope kuvimba, kifua kubana na kulia kama cha mwenye pumu, presha kushuka hadi mtu anaona giza. Mzio wa kweli wa mofini upo, lakini ni nadra. Ukiuona, dawa isimame papo hapo na mgonjwa akimbizwe hospitali. Usipouona, kilichopo ni athari ya kawaida ya dawa, na athari hii kwa wengi hupungua yenyewe, kwa wengine ndani ya siku chache, kwa wengine baada ya wiki mbili tatu.

Tofauti hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Neno "aleji" likishaandikwa kwa wino mwekundu kwenye kadi ya mgonjwa, haliondoki. Miaka mitatu baadaye mtu huyo akivunjika nyonga na kupelekwa Malindi au Mombasa, daktari anasoma kadi, anaogopa mofini, anampa paracetamol. Na yote hayo kwa sababu aliwahi kujikuna pua.

Kwa muda mrefu lawama zote alitupiwa histamini, ile kemikali inayovimbisha ngozi mtu akiumwa na mdudu. Si uongo mtupu. Mofini, kodeini na pethidini zikidungwa hukamua histamini kutoka kwenye seli fulani za ngozi, ndiyo maana wakati mwingine unaona mstari mwekundu ukipanda juu ya mshipa uliodungwa. Lakini habari haiishii hapo. Fentanili, nayo ya jamii hiyo hiyo, haitoi histamini ya kutajika, na bado inawasha. Naloksoni, ambayo kazi yake ni kuzing'oa dawa hizi kwenye vipokezi vya neva, huuondoa mwasho ingawa haina ugomvi wowote na histamini. Na mama anayejifungua kwa upasuaji akitiwa miligramu 0.1 tu ya mofini pamoja na dawa ya ganzi ya uti wa mgongo, yaani sehemu moja ya hamsini ya dozi ya kunywa ya miligramu 5, anaweza kuwashwa uso mzima hadi kesho yake. Kwa njia hiyo ya mgongo wanaowashwa ni wengi, theluthi moja na kuendelea. Kwa mofini ya kunywa ni wachache, baina ya 2 na 10 katika kila 100. Mwasho huu basi unatoka ndani, kwenye neva. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha njia mojawapo: katika uti wa mgongo kuna seli za neva ambazo kazi yake ni kuuzuia mwasho usipande kichwani, na mofini huzilaza seli hizo. Mlinzi akilala, mlango u wazi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yana matokeo ya dukani. Mtu akiwashwa, jambo la kwanza jamaa hununua Piriton, dawa ya mzio inayopingana na histamini. Kwa mwasho wa neva, Piriton husaidia kidogo sana, na kidogo hicho mara nyingi ni kwa kuwa humlaza mgonjwa. Mgonjwa ambaye tayari ana usingizi wa mofini anaongezewa usingizi wa pili, anaamka usiku kwenda msalani anaanguka. Ikibidi kabisa, iwe miligramu 4 usiku kwa siku chache, wala si kila saa sita mwezi mzima.

Kabla ya kuilaumu mofini, mchunguze mgonjwa vizuri. Tazama katikati ya vidole na kiunoni, huenda ni upele wa kuambukizana, na nyumba nzima inajikuna. Tazama weupe wa macho mchana kweupe: ukiwa wa manjano, nyongo imeziba au ini limeshindwa, na hilo huwasha kuliko mofini. Uliza mkojo. Figo zikidhoofu, mabaki ya mofini ambayo ini limeshayabadilisha hukosa pa kutokea na kujikusanya damuni, na hapo utaona mwasho umeambatana na usingizi mzito, maneno ya kuweweseka na misuli kushtukashtuka. Huyo hahitaji Piriton. Anahitaji kliniki leo hii, na kwa kawaida dozi hupunguzwa au huachanishwa, badala ya kila saa 4 ikawa kila saa 6 au 8, au dawa ikabadilishwa.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, kuna mambo madogo yanayofanya kazi. Maji ya kuoga yawe ya baridi au vuguvugu, kwa kuwa ya moto huamsha mwasho. Ngozi ipakwe mafuta ya nazi ikiwa bado ina unyevu wa maji, asubuhi na jioni. Kucha zikatwe fupi. Alale na kanga au shuka ya pamba, nailoni iwekwe kando. Kisha ulizwe swali ambalo husahaulika: maumivu yametulia? Yakiwa yametulia kabisa, huenda dozi ni kubwa kuliko haja, na kuipunguza kidogo kutauondoa mwasho bila kurudisha maumivu. Yakiwa hayajatulia, kuna njia ya kuhamia dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo. Na ikumbukwe kwamba mwasho uliokwisha unaweza kurudi kwa siku chache kila dozi inapopandishwa.

Sasa niingie kwenye neno lenyewe. Tunasema "mwili umezoea". Ni neno zuri, tena ni bora kuliko "usugu", ambao tuwaachie viini vya malaria na kifua kikuu. Lakini ukisema mwili umezoea, ni kana kwamba mwili ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Sivyo. Vipokezi vya dawa hizi viko kichwani, uti wa mgongoni, na tumboni kote kwenye neva za utumbo, na kila mahali vinazoea kwa mwendo wake. Kichefuchefu huisha baada ya siku 3 hadi 7, ndiyo maana metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku huandikwa kwa siku hizo za mwanzo tu. Usingizi hupungua baada ya siku 2 au 3, kwa wengine wiki nzima. Mwasho huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Pumzi huzoea polepole, wala haizoei kikamilifu. Mboni za macho hubaki ndogo kama tundu la sindano hata kwa mtu aliyetumia miaka kumi. Anayekunywa methadoni, dawa ya jamii hii wanayopewa wanaoacha heroini, hubaki na jasho, shati limelowa hata wakati wa kaskazi upepo unapovuma vizuri. Na utumbo mkubwa hauzoei.

Hapo kwenye utumbo ndipo wagonjwa wetu wanapoteseka kimya kimya, kwa kuwa mtu ataeleza mwasho mbele ya wageni lakini choo hatakitaja. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, maji hunyonywa, kinachobaki hukauka kikawa kama kokoto. Mwezi wa kwanza ni hivyo, mwezi wa kumi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo haisubiri mgonjwa alalamike. Huanza siku ile ile mofini inapoanza na huendelea hadi siku mofini itakapokoma. Bisakodili miligramu 5 hadi 10 kila usiku hutosha wengi mwanzoni. Zikipita siku 3 bila choo, dozi huongezwa, na muuguzi humpima kwa kidole ili kujua kama kuna donge lililoziba chini. Mahali ambapo tembe hazifiki kwa wakati, mbegu za papai zilizokaushwa zina kazi: kuanzia 5, hata kufika 30, zatafunwa usiku au zatwangwa na kunywewa na maji. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kabla ya chamshakinywa nacho husaidia.

Makosa mawili hapa nayaona ni ya hatari kuliko mengine. La kwanza ni kumpa mgonjwa asiyekunywa maji ya kutosha maganda ya isabgoli. Isabgoli hufanya kazi kwa kuvimba. Ndani ya utumbo uliolala na usio na maji, huvimba ikawa kizibo. La pili ni hili: mgonjwa hajapata choo siku sita, ya saba anatoa maji maji, jamaa wanafurahi kisha wanaogopa, wanasimamisha dawa ya choo na kununua dawa ya kuzuia kuhara. Maji yale yamepenya pembeni ya donge. Donge bado lipo. Ukimpa dawa ya kufunga, umemfunga mtu ambaye tayari amefungwa.

Kipimo nacho kina mitego. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa hizi huanza na miligramu 5 kila saa 4, na mzee au aliyekonda sana miligramu 2.5. Kwa saa zetu ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku hupewa maradufu, miligramu 10, ili asiamshwe saa 8 usiku. Jumla ni miligramu 30 kwa siku. Maumivu yakimtoboa katikati, huongezewa dozi moja ya ziada iliyo sawa na sehemu ya sita ya jumla ya siku, yaani 5. Ikiwa jana alihitaji ziada mara tatu, jumla yake ilikuwa 45, na leo kila dozi inakuwa 7.5. Hivyo ndivyo inavyopandishwa, kwa hesabu. Kuongeza kwa kukisia hakufai, na kuongeza kwa kuwa mwasho umekwisha hakufai zaidi.

Na chupa isomwe. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: ipo ya miligramu 1 katika kila mililita, na ipo ya miligramu 10 katika kila mililita. Kijiko kimoja cha mililita 5 cha ile ya kwanza ni miligramu 5. Kijiko hicho hicho cha ile ya pili ni miligramu 50. Rangi huwekwa kuzitofautisha, lakini rangi ya kliniki hii huenda isiwe rangi ya kliniki ile, kwa hiyo usiiamini rangi. Tumia bomba la sindano lisilo na ncha, vuta hadi mstari, inua usawa wa jicho. Vijiko vya jikoni vya Lamu havilingani, kimoja kina mililita 3, kingine 7.

Nije kwenye pumzi, kwa kuwa ndiyo inayoua. Mgonjwa anayepandishwa dozi kwa utaratibu ana kengele ya kumlinda: usingizi hutangulia pumzi. Kabla pumzi hazijapungua, utamwona haamki kwa jina, au anaamka na kulala tena katikati ya neno. Hapo dozi inayofuata irukwe na kliniki ipigiwe simu. Weka mkono kifuani uhesabu dakika nzima kwa saa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 10, mwamshe na usimwache. Zikiwa chini ya 8, hiyo ni dharura.

Uzoefu wa pumzi unajengeka polepole na unabomoka haraka. Siku chache tu bila dawa zatosha kuupunguza, na wiki chache zaweza kumrudisha mtu karibu na alipoanzia, ilhali kichwani mwake bado anakumbuka kile kiwango cha zamani. Kumbukumbu haipungui. Hapo ndipo watu wanapofia.

Kwetu visiwani, kukatika kwa dawa kuna sababu zake. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, boti ya Kizingitini au Faza isipotoka, mgonjwa hafiki kliniki. Ipigwe hesabu mapema: chupa ya mililita 500 ya miligramu 1 kwa mililita humtosha anayekunywa 30 kwa siku kwa muda wa siku 16. Akipanda hadi 45, ni siku 11 tu. Jamaa wasisubiri chupa ilie tupu, waagize ikiwa imebaki ya siku 5. Na aliyekosa siku 3 au zaidi asirudi kwenye kiwango chake kabla ya kuzungumza na kliniki. Kwa kawaida huanzishwa chini tena, nusu au pungufu, kisha akapandishwa.

Mwezi wa Ramadhani una mambo mawili. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, lakini wapo wasiokubali kula mchana, nao humeza dozi za kutwa kwa mikupuo miwili, futari na daku. Huko ni kujizidishia mara tatu kwa wakati mmoja, kisha kushinda mchana na maumivu na arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Aseme mapema kliniki. Zikipatikana tembe zinazotoa dawa taratibu, aliyekuwa na miligramu 30 kwa siku hupewa 15 kila saa 12, na zitaingia daku na futari bila fujo. Tembe hizo hazitwangwi wala hazitafunwi, ukizivunja zinatoa dawa ya saa 12 kwa mara moja.

Jambo la pili linawahusu wanaotumia unga. Wapo wanaojizuia mwezi mzima kwa heshima ya mwezi, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa arosto anaijua aliyeipitia. Hatari yao ni Idi. Kiasi kile kile alichokuwa akivuta au kujidunga mwezi wa Shaabani, Idi mosi kinaweza kusimamisha pumzi zake. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka jela. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki 2 za kwanza baada ya kufunguliwa, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine wa jimbo hilo. Mwasho ukirudi baada ya mapumziko, uchukuliwe kama onyo kwamba mwili umesahau. Lakini usiporudi, usichukuliwe kama ruhusa.

Hata mahali huingia katika hesabu. Mwaka 1982 ulichapishwa utafiti wa panya waliozoeshwa heroini, kisha wakadungwa dozi kubwa. Waliodungwa katika chumba walichozoea, theluthi moja hivi walikufa. Waliodungwa chumba kigeni, karibu theluthi mbili. Mwili hujiandaa unapoona mazingira unayoyajua. Kijana wa Langoni, hapa Lamu, anayetumia kiasi chake cha kila siku katika chumba asichokijua Mombasa hana kinga aliyokuwa nayo nyumbani. Bora asitumie kabisa. Akitumia, asiwe peke yake, asianze na kiasi cha zamani, na asichanganye na bugizi, tembe nyingine za usingizi wala pombe.

Malindi kumekuwa na kliniki ya methadoni tangu mwaka 2015, na nawasihi wazazi wasiwazuie vijana wao kwenda huko kwa hoja kwamba ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Ila sheria yake kuhusu siku zilizokosekana ifuatwe: aliyekosa siku 3 mfululizo aseme ukweli dirishani, kwa kuwa uzoefu wake umeshapungua. Tena methadoni hukaa mwilini siku nyingi na hujirundika. Dozi ya leo hukuta ya jana bado ipo. Na mwili uliozoea mofini au heroini haujazoea methadoni kwa kiwango hicho hicho, ndiyo maana huanzishwa kwa miligramu 10 hadi 30 hata kwa mtumiaji mkongwe. Katika kuhama kutoka mofini kwenda dawa nyingine za jamii hii, kiwango kilichopatikana kwa hesabu hupunguzwa kwa robo hadi nusu kwa sababu hiyo hiyo.

Ukimkuta mtu amezidisha, midomo na kucha zimepauka au zimeingia ubuluu, anakoroma kwa mlio wa maji kooni, haamki ukisugua mfupa wa kifua kwa ngumi: piga kelele upate msaada, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi. Naloksoni ikiwepo, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, na irudiwe baada ya dakika 2 au 3 kama hajavuta pumzi mwenyewe. Akizinduka mlaze ubavu na ukae naye. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, methadoni hudumu zaidi ya siku nzima, kwa hiyo anaweza kuzama tena baada ya kuamka na kusema yuko sawa. Apelekwe hospitali hata akikataa.

Kwa serikali ya kaunti yetu na wenye kliniki, maombi yangu ni matatu. Naloksoni iwepo katika kila zahanati ya visiwani, na si katika hospitali kubwa peke yake, kwa kuwa pumzi haisubiri boti ya mwendo wa saa mbili. Karatasi inayoandikwa mofini iwe na dawa ya choo mstari wa chini yake, na ikikosekana mfamasia airudishe. Na lebo ya chupa iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ikitaja miligramu ngapi katika mililita moja, mililita ngapi kwa mara moja, saa zetu za kunywa, tarehe chupa itakapokwisha, na chini kabisa maneno haya: "Ukiwashwa bila vipele wala uvimbe, usiache dawa, piga simu kliniki", pamoja na nambari ya simu inayopokelewa usiku.

Mfamasia wa tiba shufaa,
Mkomani, Lamu